Charles Herbert Aslin

Charles Herbert Aslin (1893–1959) alikuwa msanifu majengo Mwingereza aliyezitumikia serikali za mitaa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Anakumbukwa hasa kwa kazi yake akiwa msanifu majengo wa kaunti ya Hertfordshire, kaskazini mwa London, kuanzia 1945 hadi 1958. Katika kipindi hicho ofisi yake ilijenga shule nyingi kwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani.

Cheo cha msanifu wa kaunti
Halmashauri za kaunti zilianzishwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1888, na sheria ya elimu ya 1902 ikazikabidhi shule. Pole kwa pole kaunti zikaajiri wasanifu wao wenyewe, wa kusimamia shule, vituo vya polisi, maktaba na ofisi. Msanifu wa aina hii alilipwa mshahara na halmashauri, na michoro mingi iliyotoka kwa jina lake ilichorwa na wasaidizi wake.

Derby
Aslin alizaliwa Sheffield na kusomea usanifu huko huko. Mwaka 1929 akawa msanifu wa manispaa ya Derby, iliyokuwa ikipanga upya katikati ya mji kando ya mto Derwent. Kazi zake huko ni pamoja na kituo cha mabasi kilichofunguliwa 1933, soko, mahakama, bustani ya kando ya mto, na makao ya halmashauri ambayo ujenzi wake ulikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia ukamalizika baadaye. Kituo cha mabasi, chenye mistari laini ya mtindo wa Art Deco, kilibomolewa 2006 licha ya upinzani wa wakazi.

Hertfordshire
Aslin aliingia Hertfordshire wakati kaunti ikiwa na uhitaji mkubwa wa madarasa. Sheria ya elimu ya 1944 ilitaka kila mtoto apate elimu ya sekondari, na mwaka 1947 umri wa kumaliza shule ulipandishwa kutoka miaka 14 hadi 15. Isitoshe, miji mipya kama Stevenage na Hemel Hempstead ilipangwa ndani ya kaunti hiyo ili kupunguza msongamano wa London. Matofali yalikuwa haba, na waashi na maseremala walihitajika zaidi kwenye nyumba za makazi.

Jibu lilikuwa kuhamishia kiwandani sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi. Fremu nyepesi za chuma na vibao vya zege vilitengenezwa mbali, vikaletwa kwa malori na kuunganishwa kwenye kiwanja. Vyote vilifuata gridi ya futi 8 na inchi 3, yaani takriban mita 2.5. Kwa kuwa gridi ilienda pande zote mbili, jengo liliweza kupinda, kurefuka au kushuka kufuata mteremko wa ardhi. Kilichosanifishwa kilikuwa vipande. Ramani ya kila shule ilichorwa upya. Shule ya watoto wadogo ya Burleigh, mjini Cheshunt, ni miongoni mwa za kwanza kujengwa hivyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 shule mpya zilikuwa zimefika 100.

Aslin hakuwa peke yake. Naibu wake Stirrat Johnson-Marshall aliwakusanya vijana hodari, wakiwemo David Medd na Mary Crowley, waliooana baadaye. Hawa walikaa madarasani kuwatazama watoto na walimu kabla ya kuchora. Matokeo yake yalikuwa sinki za kimo cha mtoto, madirisha yaliyomwezesha mtoto aliyeketi kuchungulia nje, na rangi zilizochaguliwa kwa uangalifu. Mkuu wa elimu wa kaunti, John Newsom, aliwaunga mkono. Mchango wa Aslin ulikuwa kuwapa nafasi na kuitetea kazi yao mbele ya madiwani.

Heshima na athari
Aslin alikuwa rais wa Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza kuanzia 1954 hadi 1956. Mafunzo ya Hertfordshire yalisambaa pamoja na watu wake: Johnson-Marshall alihamia Wizara ya Elimu mwaka 1948, na Dan Lacey akaenda Nottinghamshire. Huko, chini ya msanifu wa kaunti Donald Gibson, ulibuniwa mfumo wa ujenzi wa CLASP kwa ajili ya ardhi inayotitia juu ya migodi ya makaa ya mawe. Shule ya mfumo huo ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya Triennale ya Milan mwaka 1960.

Majengo ya vipande ya zama hizo yalilaumiwa baadaye kwa joto la kiangazi, baridi ya kipupwe na mapaa bapa yanayovuja. Aslin alistaafu 1958 na kufariki mwaka uliofuata.