Mishale mingapi kwenye podo?

Qurayyat ni mji wa samaki, ngome na bahari. Sisi ambao babu zetu walivuka kutoka pwani hii ya Oman kwenda Unguja na Mombasa tumelelewa na historia ya majahazi: kaskazi ikivuma tende zinakwenda, kusi ikivuma boriti na pembe zinarudi. Yule aliyemuua tembo hatajwi. Basi tukajiuliza: alitoka nyumbani na mishale mingapi?

Mlinzi wa mji hubeba yote aliyo nayo. Mwaka 1505 watu wa Mombasa waliwapokea Wareno kwa mvua ya mishale na mawe, na bado mji ukateketezwa. Miaka miwili baadaye Afonso de Albuquerque aliichoma Qurayyat yetu. Vitani mshale ni wa kutupa tu, ukipotea umepotea.

Mwindaji ana hesabu nyingine. Tuwachukue Waata, waliokuwa wawindaji wa tembo wa nyika iliyo nyuma ya Malindi na Mombasa, hadi Tsavo. Uta wao ni mgumu ajabu. Mtu asiyeuzoea hauvuti hata nusu. Lakini kinachoua ni sumu. Matawi na mizizi ya mti wa mchungu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ibaki lami nyeusi, ikapakwa kwenye chembe. Sumu hiyo ikikauka hupungua nguvu, kwa hiyo kila chembe huvishwa kipande chembamba cha ngozi, kinachovuliwa pale mnyama anapoonekana. Kazi yote hiyo kwa mshale mmoja! Kujaza podo ni kubeba sumu inayochakaa bure. Na mshale mmoja ukiingia vizuri unatosha; kinachobaki ni kufuata nyayo.

Halafu kuna alama. Kila mwindaji alichonga yake kwenye mshale, ili mzoga ukikutwa mbali ijulikane pembe ni za nani. Kwetu sisi hii ni hati miliki kabisa, ingawa hakuna karani aliyeiandika.

Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837, Unguja ilikuwa inakua kuwa soko kubwa la pembe. Humo pembe zilipimwa kwa frasila na kupakiwa kwenda Bombay na Salem, Marekani, ambako baadaye nyingine ziligeuka vibonyezo vya piano. Frasila ziliandikwa daftarini, pamoja na majina ya wafanyabiashara. Alama ya mwindaji ilibaki kwenye mshale, porini.

Tsavo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Katika msako wa 1956 na 1957 Waata wengi walifungwa kwa ujangili. Mshale wenye sumu, hata ukiwa mmoja tu kwenye podo, uliweza kumfikisha mtu mahakamani.