Tyubu ya Land Rover ni Tyubu Gani?

Kiswahili cha vitabuni kinaiita mpira wa ndani. Fundi wa pancha pale Salgaa, Nakuru, anaiita tyubu, na ikishachakaa inakatwa vipande vya kufungia mzigo kwenye bodaboda, ambavyo watu huviita blada. Mimi nipo upande wa fundi. Neno mpira limebebeshwa kazi nyingi mno: ni malighafi, ni kitu cha kuchezewa uwanjani, ni bomba la kumwagilia bustani, na kwa waendesha baiskeli wengi ni tairi lenyewe. Kuongeza "wa ndani" hakutuokoi, maana hata tairi lisilo na tyubu lina utando wa mpira ndani yake, uliowekwa makusudi kuzuia upepo usipenye. Basi tuseme tyubu, na katika tahajia yake tusidondoshe y. Ukiandika tubu, utakuwa umemwamuru msomaji aache dhambi.

Tyubu ni mfuko wa mviringo wenye mdomo mmoja, unaokaa kati ya tairi na rimu. Kazi yake ni kushika upepo. Kuhimili mawe, miiba na matope ni kazi ya tairi. John Boyd Dunlop alipata hataza yake ya gurudumu la upepo mwaka 1888 akiwa Belfast, na kwa zaidi ya nusu karne tairi la upepo bila tyubu halikuzoeleka. Kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947, na taratibu magari mapya yakahamia huko.

Magari ya zamani hayakuhama, na ndiyo maana neno hili bado lina uhai Nakuru. Panda kuelekea Molo, Elburgon au Mau Narok wakati wa masika uone ni gari gani linalotoa viazi na maziwa shambani: Land Rover kuukuu, mara nyingi yenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Mwaka 2024 wenye magari hayo walikusanyika mjini Nakuru kwa tamasha lao. Rimu nyingi za Land Rover hizo zimeunganishwa kwa ribiti, na upepo hupenya kwenye ribiti. Tena rimu za zamani kwa kawaida hazina kile kituta kidogo cha kuzuia ukingo wa tairi usiteleze kuingia katikati. Kwa hiyo anayekushauri uondoe tyubu "uende na wakati" hajaiangalia rimu yako.

Tatizo huanzia dukani, mteja anaposema anataka "tyubu ya Land Rover". Jina hilo halitoshi. Ile fupi ya inchi 88 kwa kawaida ilitoka kiwandani na tairi la 6.00-16, na ile ndefu ya inchi 109 na 7.50-16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Volkswagen ya kobe, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, ilivaa 5.60-15. Tyubu kubwa kupita kiasi hujikunja ndani ya tairi, na mkunjo husagika hadi ukatoboka. Ndogo mno hunyooshwa ikawa nyembamba. Tyubu iliyokwisha kutumika imetanuka na haitarudi kimo chake, basi usiitie ndani ya tairi jipya ili kuokoa pesa.

Baada ya kipimo, uliza aina. Matairi ya zamani yalifumwa kwa nyuzi zinazokatana mshazari, na wauzaji wengi huyaita nailoni. Radiali zina nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na ubavu wake hunepa sana gari linapokwenda. Mnepo huo huichosha tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya nailoni, hasa kwenye maungio. Wengi wamebadilisha 7.50-16 kuwa 7.50R16, herufi moja tu, na kubakiza tyubu za zamani. Hapo ndipo tairi hupasuka kwenye barabara kuu, ghafla, kwa sababu tyubu ikitoboka haivuji polepole kama tairi lisilo na tyubu.

Mdomo nao una majina yake. Ule ulioandikwa TR13 hutoshea tundu la milimita 11.5 hivi, TR15 ni wa tundu la karibu milimita 16. Mdomo mwembamba kwenye tundu pana huyumba mpaka ukang'oka shinani. Ukiuona umelala upande, jua tairi linateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Ni jambo la kawaida kwa wanaopunguza upepo ili wavuke matope ya Mau kisha wakasahau kuurudisha.

Upepo wenyewe haubaki vilevile. Nakuru ipo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kipimo cha fundi husoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Jaza pauni 28 Nakuru, uteremke hadi Mombasa, na kabla ya kuhesabu joto utakuta zimebaki kama 25. Pima tena ukifika.

Kabla ya kuvalisha, safisha tairi, bandua vibandiko vya karatasi ndani yake, kisha nyunyiza talki ili tyubu isigandamane na tairi. Usishawishike na ule unga mweupe wa Kariandusi, karibu na Gilgil, kwa kuwa unafanana na talki. Ule ni diatomiti, mabaki ya viumbe wadogo wenye ganda la silika, na kazi yake mojawapo viwandani ni kung'arishia vyuma. Utaisaga tyubu yako mwenyewe.

Kwa hiyo dukani sema hivi: tyubu ya 7.50-16, ya radiali, mdomo TR15, kama hivyo ndivyo vipimo vya gari lako. Muuzaji akikuletea "ya Land Rover" isiyo na maandishi, mrudishie.