Kipaza sauti kikikufikia: Namna ya kuuliza swali lenye faida kwenye kongamano la usonji

Aprili 2 kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Karibu na tarehe hiyo, kumbi za mikutano kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi hujaa wazazi, walimu, madaktari na maofisa elimu.

Mada zinawasilishwa asubuhi nzima. Kisha mshereheshaji anatangaza: "Jamani, tuna dakika kumi tu za maswali." Mikono inanyooshwa. Wa kwanza anahutubia dakika sita. Wa pili anauliza "serikali ina mpango gani?" na anajibiwa kwamba serikali inalifanyia kazi. Basi, muda umekwisha, chakula kiko tayari.

Kwa mzazi aliyepanda basi alfajiri, mwenye mtoto wa miaka tisa ambaye hajawahi kukaa darasani, dakika hizo kumi ndizo zilizompeleka pale. Akirudi nyumbani bila jibu, mtoto naye huenda akapoteza mwaka mwingine.

Haya ndiyo mambo yanayosaidia.

Usonji kwa ufupi

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wengine na anavyopokea vitu kama sauti, mwanga au mguso. Hauambukizi, na hautokani na laana wala malezi mabaya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wapo wanaozungumza vizuri na kufaulu mitihani, na wapo wasiotamka neno na wanaohitaji msaada wa kila siku. Ndiyo maana swali la "mtoto mwenye usonji afanyweje?" halina jibu moja.

Jua unayemuuliza

Kosa la kawaida ni kumuuliza mtu sahihi swali lisilo lake. Daktari akiulizwa kuhusu ada ya bweni atasema si eneo lake, na nafasi imepotea.

Ratiba ya siku huonyesha nani anazungumza. Mzazi anaweza kugawa maswali yake hivi:

• Daktari: uchunguzi, dawa, usingizi, kifafa.
• Mtaalamu wa tiba ya usemi: njia za mawasiliano kwa mtoto asiyeongea, kama picha au ishara.
• Mwalimu wa elimu maalumu: ratiba ya darasa, tabia, choo, kusoma na kuandika.
• Ofisa elimu: uandikishaji, uhamisho, walimu, bajeti, mitihani.
• Mtu mzima mwenye usonji: maisha ya shuleni yalivyokuwa, kilichomsaidia na kilichomuumiza.

Sentensi tatu zinatosha

Swali zuri halihitaji historia yote tangu ujauzito. Sentensi ya kwanza inaeleza umri na hali ya mtoto. Ya pili inasema kilichokwisha kujaribiwa. Ya tatu ndiyo swali lenyewe.

Mfano: "Mtoto ana miaka minane, haongei lakini anaelewa picha. Shule ya jirani imesema haina mwalimu wake. Je, ni ofisi gani ina wajibu wa kumtafutia shule, na niende na karatasi zipi?"

Swali kama hilo ni gumu kulikwepa. Jibu lake lazima litaje ofisi na nyaraka. Likijibiwa juujuu, bado mzazi anaweza kuongeza fupi tu: "Naomba jina la ofisi hiyo."

Maswali ya "nani", "wapi", "lini" na "kwa shilingi ngapi" huzaa majibu ya kufanyia kazi. Maswali ya "mnatusaidiaje?" huzaa hotuba.

Sheria ni silaha, itajwe

Ofisa akisikia sheria inatajwa, jibu hubadilika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, kifungu cha 24, unatambua haki ya elimu jumuishi. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayogusa pia elimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu.

Kenya pia ina vituo vya tathmini ya kielimu vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Huko mtoto hupimwa na familia kushauriwa shule inayomfaa. Kwa hiyo mzazi wa Kenya anaweza kuuliza: "Kituo cha kaunti yangu kiko wapi, na baada ya tathmini nisubiri muda gani?"

Mtaala wa umilisi wa Kenya, CBC, una njia mbili kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu: inayofuata madaraja ya kawaida kwa umri, na inayofuata hatua za uwezo wa mwanafunzi. Swali la maana hapa ni: "Nani anaamua mtoto afuate ipi, na akiendelea vizuri anaweza kuhamishwa?"

Upande wa Tanzania, swali lenye uzito ni la ngazi ya halmashauri: shule zipi zina kitengo cha wanafunzi wenye usonji, zina walimu wangapi waliosomea elimu maalumu, na nafasi zikijaa mtoto anapelekwa wapi.

Akija mtu anayeuza "tiba"

Pembeni ya makongamano hukosi meza ya virutubisho, mafuta au mashine. Mzazi aliyechoka ni mteja rahisi. Hapa maswali manne yanatosha:

1. Tiba hii imejaribiwa kwa watu wangapi, na matokeo yamechapishwa wapi?
2. Ina madhara gani?
3. Tutajuaje kama haifanyi kazi, na tuache baada ya muda gani?
4. Wewe unapata nini nikinunua?

Tahadhari hii ina historia. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa watoto 12 uliohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella na usonji. Jarida liliufuta mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Hofu, hata hivyo, inazunguka hadi leo.

Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilionya watu wasinywe dawa inayoitwa MMS, iliyokuwa ikinadiwa kutibu usonji. Kumbe ikichanganywa kama inavyoelekezwa, inageuka kemikali ya kung'arishia.

Wenyewe wapo ukumbini

Mwaka 1993, kwenye kongamano la kimataifa la usonji mjini Toronto, Canada, Jim Sinclair, mtu mwenye usonji, aliwaeleza wazazi kwamba huzuni wanayoibeba ni ya mtoto waliyemtarajia, si ya mtoto waliye naye. Wazo hilo lilibadili mijadala mingi iliyofuata.

Akiwepo mtu mwenye usonji jukwaani, aulizwe yeye, si mama yake aliyekaa pembeni. Na apewe muda. Ukimya wa sekunde kumi haumaanishi hana jibu.

Mlinde mtoto

Siku hizi kila mkutano unarekodiwa na kurushwa mtandaoni. Umri na darasa vinatosha. Jina la mtoto, shule yake na habari za chooni zisitajwe kwenye kipaza sauti. Miaka kumi ijayo mtoto huyo anaweza kuikuta video hiyo.

Mambo ya ndani yasubiri mapumziko ya chai. Anayeona haya kusimama anaweza kuandika swali kwenye karatasi na kumpa mshereheshaji.

Waandaaji nao wana kazi: wapokee maswali kwa ujumbe wa simu, waweke mkalimani wa lugha ya alama, na watenge chumba tulivu kwa wanaosumbuliwa na kelele.

Baada ya jibu

Kazi inaanza hapo. Kabla ya kutoka ukumbini, mzazi aandike jina la aliyejibu, cheo chake, namba ya ofisi na alichoahidi. Ndani ya wiki moja apige simu au aende: "Tulionana kwenye kongamano, ulisema nije na cheti cha kuzaliwa na ripoti ya hospitali. Hivi hapa."

Wazazi wa mtaa mmoja wakienda pamoja ni vizuri zaidi. Ofisa anaweza kumwambia mmoja arudi kesho. Kuwaambia hivyo watu wanane wenye karatasi mkononi si rahisi.