Nadharia ya mvivu ilivyoishi Kariakoo

Mwaka 1960 Douglas McGregor, profesa wa Marekani, aliwagawa wakubwa wa kazi mafungu mawili. Fungu X huamini kwamba binadamu hapendi kazi, hivyo asukumwe na atishwe. Fungu Y huamini kwamba mtu akipewa nafasi hujituma mwenyewe.

Kariakoo, Dar es Salaam, ilishaijua X zamani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambao wengi walikuwa wamekamatwa tu vijijini. Baada ya vita ikabaki kodi, pamoja na imani ya maofisa kwamba Mwafrika hufanya kazi mpaka apate pesa ya kodi, kisha anarudi kwao. Ukimwongezea mshahara ataondoka mapema zaidi. Hoja tamu kwa mlipaji! Mwaka 1947 makuli wa bandarini waligoma wakidai nyongeza, na mgomo ukafuata reli hadi bara.

Baada ya uhuru, Nyerere aliandika mwaka 1962 kwamba ujamaa ni suala la moyo, yaani Y kabisa. Lakini mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi. Asiye na kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji, akakamatwa na kupelekwa shamba. Wachuuzi walisombwa, ingawa walikuwa wameamka kabla ya karani yeyote wa serikali. Na karani huyo mshahara wake haukumfikisha katikati ya mwezi. Nyumbani mkewe alikaanga maandazi ya kuuza, banda la kuku likiwa uani. Shughuli hizo watu waliziita miradi. Waliopelekwa shamba wengi walirudi mjini kimyakimya.

Kuhusu kinachomsukuma mtu, leo vyuoni hufundishwa pia Abraham Maslow, aliyeandika katika makala ya mwaka 1943 kwamba njaa hutangulia, kisha usalama, kisha kupendwa, kisha heshima. Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jioni. Kijana aliyetandaza mitumba kwenye turubai, kodi ya chumba ikimsubiri, anatoa kwanza hela ya mchezo wa upatu, halafu mchango wa harusi ya jirani. Usipochanga, siku yako nani atakuja? Kwake kupendwa na usalama ni mfuko mmoja. Maslow mwenyewe alikiri katika makala ile kwamba mpangilio wake hubadilika kwa watu wengine, na piramidi inayochorwa ubaoni hakuichora yeye.