Yasmin wa Vuta N'kuvute ni maskini kweli?

Najua nimepotea, nilibanwa na majaribio. Leo nawaletea ubishi wa hapa geto, Sokon I.

Jumamosi tuliangalia Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ileile tuliyokesha nayo kidato cha sita. Yasmin, binti wa Kihindi, anamkimbia mume mzee na kuangukia kwa Mwajuma, Ng'ambo, Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwenzangu akaguna: "Maskini gani anapendeza hivi? Wanatudanganya hawa."

Jamani, iliniuma. Nikaenda kusoma historia.

Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari, nje ya Mji Mkongwe. Huko waliishi maskini wengi, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo mtumwa alijulikana kwa nguo yake, merikani au kaniki. Kwa hiyo wanawake walipopata uhuru walikimbilia kanga za rangi. Kupendeza kulikuwa ni kusema: mimi si mali ya mtu.

Mcheki Siti binti Saad, muuza vyungu kutoka Fumba. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Mwaka huohuo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyokuwa chini ya nyumba zao. Umeona? Kanga walikuwa nazo, ardhi hawakuwa nayo.

Basi umaskini wa Yasmin usiutafute kwenye nguo. Hana mlango wake mwenyewe. Kwenye kitabu ndugu wanamkataa, analala pale Mwajuma alipomkaribisha. Lawama yangu kwa filamu ni hiyo tu: hapo inapita haraka mno, riwaya inatuacha tuumie naye.

Kwa nini iliniuma? Mama yangu anauza ndizi, na Jumapili kitenge chake kimepigwa pasi hadi unajikwaa kukitazama. Nami muhula uliopita nilikwama, nikaomba mkopo wa elfu kumi kwa rafiki. Akaniangalia shati, akacheka: "Wewe na shida wapi na wapi?" Nililala njaa na shati langu limenyooka.

Nikienda kufundisha kwa vitendo, hilo nitalisema darasani. Nyie mnaonaje wadau? Alamsiki.