KODI YA NYUMBA NA GHARAMA ZA SERIKALI KATIKA BUGANDA

Wengi hudhani ya kuwa serikali hukusanya kodi kwanza, kisha ndipo itumie. Katika Buganda mambo yalikwenda kinyume: gharama zilitangulia, na kodi ikafuata nyuma yake.

Mnamo mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, wakilalamikia ujira mdogo na safari zisizokwisha. Kuwashinda kuliigharimu Hazina ya Uingereza fedha nyingi, nayo ilikuwa imekwisha kuanza kuijenga reli itokayo Mombasa. Basi Sir Harry Johnston akatumwa, akafika mwishoni mwa mwaka 1899, na moja katika kazi zake ilikuwa kuifanya nchi ijilipie yenyewe.

Kwa Mapatano ya tarehe 10 Machi, 1900, kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na mwenye bunduki rupia 3. Wala kodi nyingine ya ndani haikuruhusiwa pasipo ridhaa ya Kabaka, akiongozwa na kura za Lukiiko. Sharti hilo lafaa kukumbukwa. Wazee walijua walitialo sahihi. Lakini Mapatano hayo hayo yalizaa matumizi mapya. Kila mkuu wa saza aliwekewa pauni 200 kwa mwaka. Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, ambaye waasi walitaka kumtawaza naye asiwafuate, aliwekewa pauni 250 kwa mwaka maisha yake yote, naye akaacha madai yake ya utawala.

Rupia zilikuwa adimu. Watu walileta simbi, mazao, hata wanyama wa mwituni wakiwa hai. Wengine walisongamana katika nyumba moja ili kodi ipungue, hila isiyo ya ajabu. Serikali nayo, mwaka 1905, ikaweka kodi ya kichwa. Pamba ndiyo iliyoleta nafuu, na hata hivyo London iliendelea kuziba upungufu kwa zaidi ya miaka kumi.

Kodi ya kichwa baadaye ilipimwa kwa uwezo wa mtu, ikafutwa mwaka 2005. Gharama hazikufutwa. Mfereji wa Lubigi, upokeao maji ya mvua ya Bwaise, ulipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Na deni la serikali hulipwa kwa kodi iliyomo katika sabuni, sukari na muda wa simu, vitu anunuavyo hata yule asiyemiliki nyumba.