Kuhadisia filme: michezo ya vijana wa Lubumbashi

Tukiongea juu ya desturi katika vitabu kama hiki, mara moja tunapanga mambo ya wakubwa: mahari, matanga, kusimika mufalme, ngoma za Bayeke. Ni vema, hatukatai. Lakini muji wetu haukujengwa na wakubwa peke yao. Lubumbashi ilianza mu 1910, ikaitwa Elisabethville, na watu wake walitoka kila upande: Luapula, Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, hata Rwanda. Mutoto aliyezaliwa mu kambi ya kazi hakukuta pale moto wa babu yake. Alikuta nyumba za kufanana zilizopangwa musitari, kengele ya kiwanda, na watoto wenzake ambao mama zao hawakusikilizana luga. Ilikuwa lazima wacheze pamoja. Kwa mawazo yetu, ile michezo njo desturi ya kwanza ya muji huu, na ni hiyo ambayo hatujaiandika sana.

Tuanze na sinema.

Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoundwa mu 1906, ilichoka mapema kutafuta watu wa kazi waliokuja miezi michache kisha wakarudi kwao. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mpango: mutu wa kazi akae na bibi yake na watoto, apewe nyumba na posho, watoto waende shule kwa wapadri. Basi kukawa na jambo jipya ambalo kampani haikulipanga vizuri, ni kusema vijana wenye saa za bure. Ile ilitia hofu kampani pamoja na wapadri. Dawa yao ilikuwa kujaza kila saa: mupira, uskauti, muziki wa matarumbeta, kwaya, na jioni fulani kitambaa cheupe kikatundikwa inje, mashine ikawashwa, watu wakakaa chini kutazama. Tusiwacheke ovyo kwa ile hofu yao. Timu ya Saint-Georges iliyoundwa na wapadri wa Benedikto mu 1939 njo leo inaitwa Tout Puissant Mazembe.

Lakini filme haikutolewa kwa kila mutu sawasawa. Sheria ya 1945 ilikataza mwenye sinema kuingiza watu wasiokuwa wa jamii ya Ulaya ao ya Azia, isipokuwa kwa filme zilizopitishwa na komisyo ya wachunguzi. Waliogopa mutu mweusi asione muzungu anaiba, anapigwa, ao anambusu bibi ya mwingine. Filme za kujua kunawa mikono na kuua mbu zilipita bila shida. Zilipita pia filme zilizotengenezwa hapa hapa Congo kwa ajili ya « wenyeji », na zilizopendwa kupita zote ni zile za Matamata na Pilipili, mumoja munene, mwingine mwembamba, ambazo padri Albert Van Haelst alizitengeneza kule Kasai mu miaka ya 1950. Mwisho wa kila filme kulikuwa na fundisho: usiibe, usidanganye, usijione mukubwa. Watoto walichukua kicheko, fundisho wakaliacha palepale chini ya kitambaa.

Na kauboyi akapita hata hivyo. Kule Léopoldville vijana walijipa jina kutoka Buffalo Bill, wakajiita Bills, wakatunga hata luga yao, hindoubill. Ile ni habari ya Kinshasa, na wenyeji wake wameielezea. Turudi huku.

Kitu tunachotaka kukionyesha si filme yenyewe, ni kazi iliyoifuata. Mu mutaa wa watoto ishirini, wenye franga ya kuingia walikuwa pengine wawili. Wale wawili waliporudi, kesho yake asubui walikuwa na deni: kuhadisia. Sisi tuliokomalia mu miaka ya 1970, wakati ile sheria ya wakoloni ilikuwa imekwisha zamani na sinema ilikuwa wazi kwa mwenye kulipa, tunajua filme nyingi ambazo hatukuziona hata siku moja. Tulizisikia. Django akivuta sanduku lake mu matope, Bruce Lee akivua shati kabla ya kupigana, filme za Wahindi zenye kilio na nyimbo, zote zilitufikia kwa mudomo wa mutoto aliyesimama juu ya ukuta mufupi ao juu ya shina la mwembe.

Muhadisia mwema hakuwa yule aliyekumbuka kila kitu. Alikuwa yule mwenye kutoa sauti: farasi kwa kupiga viganja mapajani, risasi kwa ulimi, na muziki wa hatari kwa pua, mapema kidogo, ili tujue adui amekaribia. Kifaransa cha filme hakukisikia vema, ya Kihindi ndiyo usiseme, basi maneno aliyatunga mwenyewe kwa Kiswahili chetu, na adui alisema sawa vile kapita wa kambi anavyosema. Filme moja ya Wahindi iliweza kuhadisiwa siku mbili, pamoja na nyimbo. Malipo yalikuwa nusu ya embe, kipande cha muwa, ao bili moja. Na kama mwenzake aliyeona filme ileile akasema « Hapana, haikukuwa vile! », basi mabishano yalianza, na kila mumoja alihadisia upya kipande chake mbele ya mahakama ya watoto. Mara nyingi aliyeshinda ni yule aliyedanganya vizuri.

Mutu aliyesoma anaweza kusema ule ni utoto. Sisi tunauliza: mu kijiji, muzee wa hadisi alifanya nini kingine? Alibadilisha sauti kwa kila nyama, aliimbisha watu wimbo katikati, aliongeza hapa na kupunguza pale kufuatana na watu waliokaa mbele yake. Wapadri walifikiri sinema itaua hadisi za jioni. Haikuziua. Ziliingia ndani ya sinema na zikaitumikisha.

Mambo mengine tutayapita mbio. Motokari za nyaya, zenye usukani murefu wa kushika ukisimama. Kuogelea mu muto Kafubu na kurudi na majivu ya ngozi yaliyokusema kwa mama. Kukamata inswa chini ya taa za barabara mvua ya kwanza inaponyesha. Kupanda kile kilima cheusi cha takataka za kiwanda, huku mulinzi anafukuza. Na kurudi usiku kutoka sinema kwa kukimbia, sababu ya mutumbula, yule mwizi wa watu ambaye wazee wetu waliapa kwamba anakamata watu usiku na kuwapeleka kwa wazungu waliwe. Tulikuwa tunaogopa kweli, na tulikuwa tunapenda ile hofu.

Gitare inadai nafasi zaidi. Wengi waliianza kwa bidoni ya mafuta, ubao, na nyuzi za freni ya kinga. Wazazi hawakuipenda. Maneno yao tunayajua kwa kichwa: « We mutoto, ile gitare njo utakula? » Gitare ilikuwa ya walevi, na kijana mwenye shule alipaswa kuwa karani. Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mu 1930, alipata shule, akajua kazi ya ofisi, na hakuiacha gitare. Mu 1952 Hugh Tracey, yule mutafiti wa muziki aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimukuta kijana huyu wa miaka 22 anapiga mu barabara ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Akanasa « Masanga ». Vidole viwili tu vya mukono wa kuume, na ukisikia unaapa kwamba wanapiga watu wawili. Kutoka pale wimbo ulitembea kupita mutungaji wake: wapigaji wa Nairobi walijifunza kutoka kwake, na yeye mwenyewe alikwenda kule mu 1959; mu 1969 akaitwa mpaka Newport, Marekani. Alikufa mu 1990 kwa ajali ya motokari. Edouard Masengo, kijana mwingine wa hapa, alipita njia karibu ileile. Alikuwa na JECOKE, kundi la vijana wachekeshaji wa Kenya. (Msomaji wa mbali asituelewe vibaya: Kenya ni komini ya Lubumbashi.) Ona kwamba kundi lile halikutenganisha wimbo, ngoma na kichekesho. Ni mutindo uleule wa mutoto juu ya ukuta anayefanya farasi, bunduki na muziki peke yake.

Kwa wachoraji, kwa kawaida watu wanaanza na Hangar, shule ya kuchora ambayo Pierre Romain-Desfossés, Mufaransa, aliifungua Elisabethville mu 1946, na ambako walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Tunawaheshimu, samaki na ndege wa Pilipili vinapendeza mpaka leo. Lakini wale walichorea zaidi wazungu wanunuzi. Mutu aliyetuchorea sisi, kwa ukuta wa sebule zetu, ni wa kizazi kilichofuata. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa hapa mu 1947. Alichora juu ya nguo za magunia ya unga, akazunguka nyumba kwa nyumba na picha kwapani. Mu 1973 akafika kwa Johannes Fabian, profesa aliyefundisha wakati ule kwenye chuo kikuu chetu, na kwa miezi michache akamuchorea historia nzima ya inchi, picha zaidi ya 100: Musiri aliyeuawa Bunkeya mu 1891, Lumumba, Tshombe na kujitenga kwa Katanga. Alikuwa na miaka 26. Hakujiita muchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Na kila picha aliihadisia kwa mudomo. Fabian alinasa sauti yake, na kitabu kilitoka mu 1996, kwa Kiingereza. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena.

Picha za namna ile tuliziita ukumbusho. Neno lile linatosha. Haikuwa pambo, ilitundikwa ili mugeni aulize, na mwenye nyumba aanze kueleza.

Kisha Gécamines ikaanguka. Wizi mukubwa wa 1991, mishahara iliyokawia miezi na miaka, na mwisho mu 2003 zaidi ya watu 10,000 wa kazi walipewa pesa ya kwaheri na kurudishwa nyumbani. Sebule ziliuza viti, na ukumbusho nao ukashuka ukutani. Vijana wa miaka ile walitazama filme mu nyumba za video, televizyo moja, mabenchi manne na jenereta inje. Ni mu miaka hiyo Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1978, alikuwa anapenda kuchora bande dessinée. Aliomba aparei ya foto ili apige picha za fasi alizotaka kuchora, na aparei ikamukamata. Mu 2006 akaweka picha za zamani za watu wa kazi wa Union Minière juu ya picha za viwanda vilivyokufa. Mu 2008 yeye na wenzake wakaanzisha hapa maonyesho waliyoyaita Picha. Yote ilianza na mutoto anayepoteza saa kwa bande dessinée.

Ndiyo maana tunakasirika kidogo tukiona ginsi watu wanavyoendelea. Tulisoma na kijana mumoja aliyechora filme nzima mu daftari ya hesabu, kipande kwa kipande, na maneno yake kwa Kiswahili, na risasi zilizoandikwa kwa wino mwekundu alioiba mezani kwa mwalimu. Mwalimu alipasua daftari mbele yetu. Yule kijana akawa dereva, na mu maongezi yake hakuna anayemupita mpaka leo. Ya Bosco tunayo sababu mutu wa Afrika ya Kusini alipita na mashine. Ya Tshibumba tunayo sababu profesa mugeni alinunua. Yale ya vijana ambao hakuna mugeni aliyepita mlangoni kwao yamebaki mu vichwa vya watu wenye miaka sitini na zaidi, na kila mwaka tunazika kadhaa.

Chama chetu kina kabati. Ndani muna foto za wafalme, hotuba, na kaseti za nyimbo za ndoa. Daftari ya mutoto hakuna hata moja. Kwenye soko, madaftari ya zamani yanauzwa kwa kilo kwa mama wa kalanga, wanapasua ukurasa na kuukunja pembe. Juzi tulinunua za kutafuna njiani. Zilipoisha tukafungua karatasi: upande mumoja kujumlisha sehemu, na alama mbaya; upande wa pili mutu mwenye kofia pana juu ya farasi, miguu ya farasi sita, juu ya kukimbia. Tumeitia mu kabati.